Dushi Iliyokaribia Kuwa Nyumba ya Kuku

Kuna wanaume ambao wakiacha kazi wanataka kiti cha kuegemea, na wengine wanataka ng'ombe. Gracien alitaka kitu kimoja tu: kusimama ndani ya nyumba yake mwenyewe, mlango umefungwa, maji yakimshukia kichwani, na asiwepo mtu wa kumwita.

Usimcheke. Nawe kama ungeendesha kamyo kwenye barabara ya Uvira tangu ujana mpaka nywele zikageuka rangi, ungemwelewa. Unashuka mlima wa Ngomo na simenti, unapanda na mchele wa Luberizi, unalala Luvungi chini ya turubai kwa sababu mvua imekata barabara. Na lile vumbi la bonde la Ruzizi halipigi hodi. Linaingia masikioni, linaingia kwenye mkate, linaingia mpaka ndani ya soksi iliyo ndani ya kiatu. Kuoga kwa dereva ni kuoga kwa wizi: maji kidogo mgongoni, kidogo kichwani, na honi ya mwenzako inakuita kabla sabuni haijatoka.

Basi siku alipokabidhi funguo za kamyo kwa bosi wake, Gracien hakurudi nyumbani moja kwa moja. Hapo Muhumba, mtaa wake wa Bukavu, nyumba chache kabla ya kwake, kulikuwa na watu waliokuwa wanahama na kuuza vitu vyao. Akachungulia uani, akaiona imesimama peke yake kati ya viti na masufuria: kabini ya dushi. Vioo pande mbili, mlango wa kuteleza, na chini beseni jeupe la kusimamia. Akaushika mlango, akausukuma. Ukateleza bila kelele. Akaurudisha. Ukarudi.

"Hii inauzwa?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu anayeulizia mchumba.

Ilifika nyumbani kipande kwa kipande, na Gracien akaifunga mwenyewe. Dereva wa barabara ile ni fundi hata asipotaka. Beseni akaliketisha juu ya matofali, tofali kila pembe, mbele akaziba na ubao aliopaka rangi nyeupe. Pale beseni linapokutana na ukuta akapaka silikoni. Tanki la maji lilikuwa tayari huko juu ya parseli, kiwanja chao, karibu na barabara, na kwa kuwa nyumba yenyewe imekaa kwenye mteremko, maji yalishuka kwa nguvu ambayo mtu wa tambarare angelazimika kuinunua.

Mke wake, Rosette, aliitazama ile kabini siku nzima. Rosette ni mwanamke wa kuku. Nyuma ya nyumba ana kuku wa mayai, na chumba cha chini, kile kilichochimbwa kwenye mlima chini ya bafu, ndicho stoo yake ya chakula cha kuku. Yeye hakuona dushi. Aliona nafasi. Kesho yake Gracien alipoingia kuoga alikuta bidoni za njano zimepangwa ndani ya kabini, upande wa nyuma, zimejaa maji mpaka shingoni.

"Mama Ariane, hizi ni nini?" Walimwita hivyo kwa jina la binti yao wa kwanza, aliyekwisha kuolewa.

"Ni maji. Robine ikikatika utanishukuru."

"Lakini mu dushi yangu?"

"Mule njo fasi yake. Ikimwangika haiharibishe kitu. Na weye uko mwembamba, utapita."

Akapita. Bomba la mtaa lina siku zake za kuja na siku zake za kununa, na hakuna mtu wa Bukavu anayegombana na bidoni iliyojaa. Gracien akawa anaoga amezungukwa na bidoni kama abiria, naye hakulalamika.

Majuma machache hivi yakapita kwa raha. Halafu asubuhi moja sauti ikapanda kutoka stoo.

"Papa Ariane!"

"Mama?"

"Kuya uone bintu byako."

Akashuka. Rosette alikuwa ameshika kiuno. Mbele yake saki la chakula cha kuku lilikuwa limelowa upande mmoja, na chumba kizima kilinuka kama mtungi wa kasiksi, pombe ya ndizi, uliosahauliwa. Juu, pale bomba linapopenya sakafu, tone lilikuwa linajikusanya. Likaning'inia. Likaanguka. Jingine likaanza.

"Unasikia hii harufu?" Rosette akasema. "Kuku zangu zitalewa. Zitataga mayai na kuimba."

"Ni maji kidogo tu, mama."

"Kidogo? Uliza hii saki kama ni kidogo."

Gracien akalitazama saki. Saki halikumtetea.

"Sikia," Rosette akasema, na sasa alisema polepole, jambo ambalo kwa Rosette ni baya kuliko kelele. "Samedi bitoto byangu bya kuku binafika. Niko natafuta fasi ya joto, fasi yenye upepo haiingie, fasi yenye paka haiwezi kusukuma mulango. Na fasi ile niko naiona." Akainua macho darini.

Gracien akafuata macho yake, akaelewa, akashtuka. "Mama Ariane! Ile ni dushi!"

"Vioo pande mbili. Natia lampe moja juu, natia maranda chini. Bitalala kama batoto ya waziri."

"Ni dushi!"

"Ikiacha kuvuja ni dushi yako. Ikivuja mpaka samedi ni nyumba ya kuku yangu. Nimemaliza."

Naye akamaliza kweli, akaenda kuanika kile chakula kwenye jua.

Gracien hakula vizuri siku hiyo; Jumamosi haikuwa mbali. Alipanda bafuni, akatoa bidoni zote na kuzipanga koridoni ili apate mahali pa kupiga magoti. Akakwangua silikoni ya zamani kwa wembe mpaka ukuta ukawa safi, akafuta, akakausha kwa shati lake la zamani la kazi. Akaenda kununua silikoni mpya, akapaka mstari mnene, mweupe, ulionyooka. Akaiacha ikauke. Hakuruhusu hata mtu kukohoa karibu nayo.

Ilipokauka akaingia, akafungua maji, akasimama na macho kwenye pembe. Hakuoga. Alikuwa anatazama tu, maji yakimpiga kisogo, mpaka Rosette akaita kutoka stoo:

"Huku kukavu!"

Gracien akacheza. Mtu mzima, peke yake ndani ya kioo, mabega huku, kiuno kule, akiimba kwa mdomo ule muziki wa gitaa ambao madereva wote wa bonde wanaujua bila kujua jina lake. Halafu akatoka kwenda kumtangazia jirani. Rosette naye, mwanamke wa utaratibu, akarudisha bidoni zake mahali pake.

Sasa ngoja nikueleze neno moja, kwa sababu lililofuata limesimama juu ya neno hilo. Bukavu, mtu akisema "maji inatoka", hasemi habari ya tundu. Anasema kwamba bomba limekumbuka watu. Ni tangazo. Ukilisikia unaacha ugali motoni, unaacha simu ikilia, unachukua bidoni na kukimbia. Na juma lile, Muhumba nzima ilikuwa inangoja neno hilo, maana bomba lilikuwa limenyamaza muda mrefu.

Alhamisi asubuhi Gracien aliingia dushini kwa mara ya kwanza bila wasiwasi. Maji ya tanki yalikuwa bado yapo. Akajipaka sabuni kichwani, usoni, masikioni. Ndipo kutoka chini Rosette akapiga ukelele ambao ng'ambo ya bonde wangeusikia:

"Maji inatoka! Papa Ariane, maji inatokaaa!"

Parseli ya pili, Mama Fanny alikuwa anachambua maharagwe. Sinia likaanguka.

"Munasikia? Maji inatoka kwa Mama Ariane!"

"Inatoka?"

"Inatoka!"

Likaenda hivyo, parseli kwa parseli, likipanda avenyu kama moto wa majani. Bidoni zikagongana, malapa yakapiga lami. Gracien, macho yamefumba kwa sabuni, alisikia kelele akadhani kuna mwizi. Akajifunga kitambaa cha kwanza kilichomjia mkononi, akatoka.

Ua ulikuwa umejaa. Bidoni, ndoo, mabeseni, mama mmoja na kibeseni cha kuogeshea mtoto. Na mbele yao Gracien, povu masikioni, kiunoni pagne ya mke wake yenye maua makubwa mekundu.

"Papa Ariane," Mama Fanny akasema huku akihema, "robine iko wapi?"

"Robine gani?"

"Maji inatoka, tumesikia!"

"Inatoka..." Gracien akajifuta povu jichoni. "Inatoka mu dushi. Inashuka chini. Inavuja."

Mama Fanny akaiweka bidoni yake chini, akaikalia.

"Kwa hiyo siye bote tumekimbia," akasema, "juu ya maji yenye imeshaogesha Papa Ariane?"

Na sauti ya Rosette ikatoka stoo, haina huruma hata kidogo: "Kama munaitaka, kuyeni! Tayari iko na sabuni ndani!"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Yule mama wa kibeseni alilazimika kuegemea ukuta. Gracien mwenyewe alicheka, angefanya nini, ila mkono mmoja aliuacha kwenye fundo la pagne. Na kwa kuwa huwezi kumwacha jirani aliyekimbia kwako arudi na bidoni tupu, tanki likafunguliwa, kila mmoja akapata kidogo. Waliondoka wakimshukuru na kumtakia dushi njema, na wengine walirudia maneno hayo mpaka kwenye kona.

Lakini walipokwisha kuondoka, Gracien alikaa kwenye ngazi. Kesho Ijumaa. Kesho kutwa vifaranga.

Habari kama hiyo haikai Muhumba. Mchana ilikuwa imefika kwa Modeste. Huyu Modeste alikuwa konvoyeri wa Gracien, yule mtu anayekaa juu ya mizigo, anayeweka jiwe chini ya gurudumu, anayelala na sikio moja wazi ili turubai lisiibwe. Walizeeka pamoja barabarani. Tofauti ni kwamba tangu waache kazi Gracien alibaki ufito, na Modeste, mke wake anapika mandazi, tumbo limemtangulia kila mahali.

Tumbo likafika kwanza mlangoni, kisha Modeste.

"Shefu! Nimesikia uko na muto mu nyumba."

"Cheka, cheka. Umalize halafu unisaidie."

"Na pagne ya maua, ni kweli?"

"Modeste."

"Nauliza tu, juu banasema ilikufaa."

Wakapanda bafuni. Gracien alikuwa tayari ametoa bidoni zote tena koridoni. Akamweleza: silikoni ni mpya, mstari haujakatika, ukipitisha kidole huoni ufa, alijaribu na maji yakakaa, na leo yameanguka kama hakufanya kitu.

"Ufa iko wapi, basi?"

"Njo siione! Nikiangalia, imefunga. Nikigeuka, inavuja. Iko kama inanichezea."

"Ngoja niangalie kwa ndani. Macho yako ya barabara yameshachoka." Modeste akavua viatu, akavuta pumzi ili tumbo lipite mlangoni, akaingia. Beseni likalia *kwii*.

Gracien akalala ubavu nje ya mlango, shavu sakafuni, tochi mkononi. Na ndipo alipoona. Ule mstari mweupe, mnene, ulionyooka, ulifunguka. Ulijitenga na ukuta taratibu kama mdomo wa mtu anayetaka kusema jambo.

"Toka," akasema.

"Nimefanya nini?"

"Toka, nakuambia!"

Modeste akatoka. Mdomo ukafumba.

"Ingia."

"Shefu..."

"Ingia!"

*Kwii.* Ukafunguka.

"Toka. Ingia. Toka! Ingia!"

Rosette akaja na mwiko mkononi, akasimama mlangoni mwa bafu. Mume wake alikuwa sakafuni akipiga kelele, na Modeste, amekunja suruali, alikuwa anaingia na kutoka kwenye kioo, jasho likimtiririka.

"Dansi hii," Rosette akauliza, "muko munaitayarishia ndoa ya nani?"

Gracien aliketi, tochi ingali inawaka. "Modeste. Unakumbuka ile duriti yetu, ile mupira wa maji ya mutambo?"

"Nitaisahau namna gani? Mwaka muzima ilitusumbua."

"Ku garaji banaifunga, iko kavu. Tunashuka tupu mpaka Luvungi, iko kavu. Tunapakia muchele, tunafika ku Ngomo..."

"...inapasuka!"

"Juu ya nini?"

Modeste akafungua mdomo, akautazama mguu wake, akautazama mwili wake uliokuwa juu ya mguu huo. "Juu banaitengeneza kamyo ikiwa tupu. Na kamyo ikipakiwa, shasi inalala, inavuta."

"Muzigo!"

"Iko muzigo, Shefu!"

Wakapigana mikono kama vijana. Halafu, polepole, vichwa vyao viwili vikageuka kuelekea koridoni, ambako bidoni za njano zilikuwa zimesimama kwenye mstari, zimejaa, zimetulia, hazina habari. Rosette naye akageuka akaziangalia.

Hawa ni watu waliowahi kushuka Ngomo usukani unatetemeka na breki zinanuka. Lakini neno lililobaki kusemwa hapo bafuni, hakuna kati yao aliyetaka kuwa wa kwanza. Gracien akamwangalia Modeste. Modeste akaangalia dari.

"Mama Ariane," Modeste akasema mwishowe, kwa upole mkubwa, "mabidon yale... kawaida yanakaaka wapi?"

"Mule ndani. Fasi yenye maji ikimwangika haiharibi..." Mwiko wa Rosette ukashuka. "Munataka kusema ni miye?"

"Hapana!" wote wawili, pamoja, haraka mno.

"Ni matofali," Gracien akasema. "Niliweka ku pembe tu. Katikati iko tupu, beseni inalala kama kitanda cha kamba. Ni kosa yangu."

Rosette akamwangalia mumewe. Alimjua vizuri kiasi cha kujua kwamba alichosema ni kweli, na kwamba ni nusu. Midomo yake ikaanza kutetemeka. Akaiziba kwa mkono. Haikusaidia. Akacheka mpaka akakaa juu ya bidoni mojawapo.

"Ee Nyamuzinda, Mungu wangu! Kumbe miye mwenyewe nilizimwangia kuku zangu pombe!"

Baada ya hapo kazi ilikuwa nyepesi, kwa sababu watu watatu wanaocheka wanafanya kazi ya watu sita. Waliubandua ule ubao wa mbele. Modeste akachanganya simenti na mchanga, Gracien akalala kifudifudi akapanga matofali chini ya beseni, katikati na kila upande, akikandamiza mchanganyiko mpaka mkono wake ukawa hauna pa kuingia. Silikoni yote ikakwanguliwa upya. Kisha, na hapa ndipo Gracien alipokuwa anajivunia, wakarudisha bidoni ndani.

"Unarudisha tena?" Rosette akashangaa.

"Tunapakia kamyo kwanza, halafu tunafunga duriti. Beseni ilale sasa hivi mpaka mwisho wake, tupake, ikauke ikiwa imelala. Siku muzigo ikitoka, silikoni itabanwa. Haitavutwa."

Akapaka. Mstari ukatoka na mawimbi, kwa kuwa alikuwa anaufuata nyuma ya bidoni kwa mkono mmoja. Akataka kuusawazisha kwa kidole, ukamng'ang'ania, ukawa mbaya zaidi.

"Toka hapo," Rosette akasema. "Unaipapasa kama unatafuta radio." Akachovya kidole chake kwenye maji ya sabuni, akakipitisha kwenye pembe mara moja, kutoka huku mpaka kule, bila kusimama, jinsi anavyopitisha kidole kwenye ukingo wa sufuria ya keki. Mstari ukabaki laini, umebonyea kidogo katikati, unang'aa.

Modeste akapiga mluzi. "Shefu, tulikuwa na mekanisien mu nyumba na hatukujua."

Ijumaa bomba lilifunguka, safari hii kweli, na hakuna aliyeamini mpaka mtoto wa mtu aliporudi na bidoni inayodondosha. Tanki likajaa. Gracien aliyasikia maji yakishuka kwenye bomba, akaoga nyuma ya nyumba kwa beseni, kwa subira.

Jumamosi vifaranga vikafika kwa pikipiki, ndani ya katoni yenye matundu, vikipiga kelele zote kwa pamoja. Rosette akaipokea kama anapokea mjukuu. Akaiweka stoo, juu ya kiti. Kisha akatandika magazeti ya zamani sakafuni, chini ya ile sehemu ya bomba, akayanyoosha kwa mikono.

"Bon," akasema. "Leo tunakata maneno. Na sitaki jaribio ya mutu mwembamba. Mabidon ndani, Modeste ndani, maji juu."

"Na nguo?" Modeste akauliza.

"Na nguo! Nani anataka kukuona?"

Hivyo Modeste akaingia amevaa suruali yake ya zamani, akajibana kati ya bidoni, na Rosette akasimama karibu naye kufungua maji na kuhakikisha hakuna anayedanganya. Gracien akatumwa chini. Akakaa kwenye saki, uso juu, macho kwenye dari. Pembeni yake katoni ilikuwa inalia *pyo pyo pyo*, kama warithi wanaongoja mzee afe wagawane nyumba.

"Nafungua!" Rosette akaita.

Maji yakaanza kuvuma juu. Modeste akapiga yowe kwa ajili ya baridi. Gracien hakupepesa. Aliangalia bomba, aliangalia ubao unaolizunguka, aliangalia kila msumari. Hakuna. Maji yakazidi kuvuma. Modeste sasa alikuwa anaimba. Hakuna. Gracien akaanza kupumua.

*Tap.*

Gazeti lilikuwa na doa. Dogo, la duara, jeusi.

Akainama juu ya gazeti, na *tap*, doa la pili likaingia karibu na la kwanza. Akaangalia juu: dari kavu. Akaangalia chini: *tap*. Akapitisha mkono usoni. Kidevu chake kilikuwa kinatiririka jasho.

"Papa Ariane! Huko namna gani?"

"Ngoja!" Akajifuta kwa shati, akarudi nyuma, akangoja. Akangoja sana. Magazeti yakabaki na madoa yake matatu. "Mama, shuka wewe mwenyewe. Macho yangu siyaamini."

Rosette akashuka, mikono imelowa. Akapanda juu ya saki, akaunyoosha mkono, akaweka kiganja chake kwenye ubao wa dari, akakiacha hapo, kama anavyopima homa ya mtoto. Juu maji yalikuwa bado yanavuma na Modeste bado anaimba ubeti ule ule.

"Kavu," akasema.

"Kavu kabisa?"

"Kavu kama biskuti." Akashuka. Akaiangalia katoni yake, vile vichwa vya njano vikichungulia kwenye matundu, akavuta pumzi. "Basi bitoto byangu bitalala salon. Nyuma ya fotey yako ya kuegemea, fasi yenye ukuta iko na joto. Utaangalia habari na kuku."

"Bilale hata mu kitanda, mama!"

"Usiniambie mara mbili."

Bidoni Rosette alizitoa yeye mwenyewe, moja moja, akazipanga kwenye koridoni, na hakuna aliyethubutu kumsaidia wala kusema neno. Alipomaliza alipitisha kitambaa ndani ya beseni, akasimama akaitazama kabini, tupu, vioo vinang'aa. Kwa mara ya kwanza ilionekana kubwa.

"Ingia," akamwambia mumewe.

Gracien akaingia, akasukuma mlango, ukateleza. Akafungua maji. Akajipaka sabuni haraka, kichwa, mikono, mgongo, akajimwagia, akafunga maji, akashika taulo. Miguu ilikuwa imeshageukia mlango.

Rosette alikuwa koridoni, katoni ya vifaranga kifuani. "Umeshamaliza?"

"Nimemaliza."

"Ile tu? Kelele yote hii ya juma muzima, juu ya ile tu?" Akakaribia kioo. "Papa Ariane. Nani anakukimbiza?"

Gracien akafikiri. Alifikiri kweli, taulo mkononi. Barabarani kuna dereva mwingine sasa. Stoo ni kavu. Salon, Modeste alikuwa anauliza kwa sauti kubwa kama kuna chakula katika nyumba hii kwa mtu aliyeutoa mwili wake uwe mzigo.

"Hakuna mutu," akasema.

"Basi rudi."

Akatundika taulo. Akafungua maji, safari hii mpaka mwisho. Hakuangalia pembe. Akafumba macho, akaacha mikono ining'inie, na sabuni ilipokwisha kutoka yote, na hakukuwa na kitu kilichobaki cha kuosha, akaendelea kusimama.